Skrubu za nailoni kwenye taa ya dagaa: kisa cha kasha moja la Mikindani

Kasha lenyewe ni la alumini, ukubwa wa vipande viwili vya sabuni ya mche vilivyolazwa sambamba. Ndani mna bodi inayopokea umeme wa betri ya volti 12 na kuupeleka kwenye taa ya LED ambayo wavuvi wa dagaa huishusha juu ya maji usiku mwezi ukiwa haupo. Lilifika mezani kwangu, hapa Mtwara mjini, mara tatu kati ya Mei na Julai 2024. Mara ya kwanza kosa lilikuwa la aliyeliunda. Mara mbili zilizofuata lilikuwa langu, na yote yalitokana na skrubu zenye unene wa milimita 3. Ninakieleza kisa chote kwa sababu mafundi wengi wa pwani yetu tunaikimbilia nailoni kwa sababu moja tu, kwamba haishiki kutu. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi.

Mwenye taa ni nahodha wa Mikindani, mtu mzima aliyevua tangu zama za karabai. Alikuja siku mbili baada ya kimbunga Hidaya kupita, nguo bado zina harufu ya moshi wa kubanika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hili dude nchi kavu linawaka vizuri kabisa. Tukishaingia kwenye mawimbi linakata fyuzi. Nimeshakata fyuzi tano."

Kifaa kinachofanya kazi kikitulia na kufa kikitikiswa, mara nyingi kina kitu kinachogusana pasipotakiwa. Nilikiunga na betri mezani kikawaka saa nzima bila shida. Nikafungua mfuniko. Bodi ilikuwa imekaa juu ya spesa nne za chuma, vile vijiti vifupi vinavyoiinua, imefungwa kwa skrubu nne za chuma zenye washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu. Tatu zilikuwa zimeota kutu. Chini ya washa ya ile ya nne, karibu na mahali waya wa chanya unapoingilia, niliona mstari mwembamba unaong'aa. Nilichukua kioo cha kukuzia. Ile rangi ya kijani inayofunika shaba ya bodi ilikuwa imesagwa na washa, na shaba imebaki wazi.

Nikaweka mguu mmoja wa malitimita, mita ya kupimia umeme, kwenye chanya, mwingine kwenye kasha. Kimya. Nikabonyeza ukingo wa bodi kwa kidole gumba, mita ikalia. Nikaachia, ikanyamaza. Kila wimbi lililopiga ubavu wa chombo lilikuwa likifanya kazi ya kidole changu.

Vipimo vilieleza yaliyobaki. Washa ya skrubu ya M3, yaani yenye unene wa milimita 3, ina upana wa milimita 7, maana yake inafika milimita 3.5 kutoka katikati ya tundu. Njia ya shaba yenye chanya ilipita milimita 3 tu kutoka hapo katikati. Kuitoa washa kusingesaidia sana, kwa kuwa kichwa cha skrubu yenyewe kina upana unaokaribia milimita 6. Na kona ya pili ya bodi ilikuwa na duara la shaba lililowekwa kwa makusudi ili skrubu yake iunge kasha na hasi. Kwa hiyo kasha lote lilikuwa hasi, na skrubu ya kona ya chanya ilikuwa imetenganishwa na shoti kwa unene wa rangi tu. Fyuzi ya ampea 15 ndiyo iliyokuwa ikikiokoa chombo.

Hapa nailoni ilikuwa jibu sahihi, na bado naamini hivyo. Haipitishi umeme, haikwaruzi rangi ya bodi, haioti kutu, na haianzishi ule ugomvi wa chuma na alumini kwenye maji ya chumvi unaoacha unga mweupe kuzunguka tundu. Bodi ni nyepesi. Haihitaji kubanwa kwa nguvu, inahitaji tu isisogee. Skrubu nne za nailoni na spesa nne za nailoni zingemaliza kazi.

Lakini kasha lilikuwa na skrubu nyingine. Moja ilibana diodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye ukuta wa kasha, na sita zilifunga mfuniko juu ya mpira wa kuzuia maji. Zote zilikuwa za chuma cha kawaida, zimeliwa na kutu. Skrubu za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, na vifaa vya kubania diodi nilikuwa nimeagiza Kariakoo, na mzigo ulikuwa umekwama njiani kwa sababu mvua za kimbunga zilikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, Kilwa. Droo yangu ilikuwa na pakiti nzima ya nailoni. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Mwezi ulikuwa karibu kuandama, maana yake giza lilikuwa limefika na bahari ilikuwa imeanza kutulia.

"Giza halinisubiri, mwanangu."

Nikafunga zote 11 kwa nailoni.

Mara ya pili alikuja mwanzoni mwa Juni, giza lililofuata. Taa ilikuwa inawaka, fyuzi haikatiki tena, na alinishukuru. Ila redio ya chomboni, alisema, inanguruma taa ikiwashwa, na zamani haikuwa hivyo. Nilimjibu kuwa huenda ni betri au kituo chenyewe kiko mbali. Hilo ndilo jibu ninalojutia kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu malalamiko yake yalikuwa kipimo sahihi na mimi sikukisoma.

Bodi ya aina ile hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kupata volti zinazotakiwa na LED. Kukatakata huko hutoa kelele za redio. Kasha la alumini likiungwa na hasi huzimeza kelele hizo. Likiachwa bila kuungwa, haliwezi kuzimeza ipasavyo. Ile skrubu ya chuma ya kona ya pili haikuwa ya kushika bodi tu, ilikuwa pia waya. Nilipoiondoa na kuweka nailoni, nilikata waya bila kugusa koleo.

Kwa volti 12 hasara ilikuwa mngurumo. Kwa kifaa cha umeme wa nyumbani wa volti 230, kosa hilohilo linaua. Skrubu inayounga kasha la chuma na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, haibadilishwi kuwa nailoni kwa sababu yoyote ile. Ukikuta ina kutu, weka nyingine ya chuma, kwangua rangi chini yake mpaka alumini au bati ing'ae, kisha pima kwa mita.

Siku hiyo niligundua jambo jingine nikalipita haraka. Kwenye kona moja ya kasha, ndani, palikuwa na punje za chumvi. Niliifuta, nikakaza skrubu za mfuniko. Zilikubali karibu nusu mzunguko kila moja, ingawa mwezi mmoja kabla nilizikaza mpaka mwisho wake. Nusu mzunguko ule ulikuwa unanieleza kila kitu kuhusu nailoni.

Mara ya tatu, Julai, kusi likivuma, mjomba hakuja na salamu ndefu. Kijana wake alifunga klipu za betri kinyume gizani, hasi kwenye chanya, na bodi ikafa palepale. Kasha lilikuwa na kinga ya kosa hilohilo. Diodi ile iliyobanwa ukutani ilikuwa pale kwa kazi moja, kuruhusu umeme upite upande mmoja na kuuzuia ukija kinyume. Niliipima. Ilipitisha pande zote mbili. Ilikuwa imekufa muda kabla, na kwa kuwa diodi iliyokufa kwa namna hiyo huwa kama kipande cha waya, taa iliendelea kuwaka na hakuna aliyejua kuwa kinga haipo.

Sababu ya kifo chake ilionekana kwa macho. Bodi kuzunguka miguu ya diodi ilikuwa imegeuka kahawia, rangi ya korosho iliyobanguliwa ikapita kidogo kwenye moto. Risasi ya kulehemu ilikuwa imefifia na kupata ufa. Na skrubu ya nailoni niliyoifunga mwenyewe Mei niliizungusha kwa kidole kimoja, ikatoka. Chini ya kichwa chake palikuwa pamebonyea umbo la tundu la diodi, na uzi ulikuwa umevutika, nafasi kati ya meno ya chini si sawa na ya juu.

Hebu tuhesabu joto. Taa ilivuta kama ampea 8. Diodi ya aina ile hula kama volti 0.5 umeme ukipita. Nane mara nusu ni wati 4, na wati 4 zote ni joto ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha. Diodi ya umbo hilo, lile lenye bapa la chuma na tundu, ikiachwa hewani hupanda kama nyuzi joto 62 kwa kila wati. Mara 4 ni nyuzi 248 juu ya joto la hewa, na ndani yake haivumilii zaidi ya 150 au 175. Ikibanwa vizuri kwenye kasha, yenye karatasi ya mika isiyopitisha umeme na grisi ya kupitisha joto katikati, tofauti kati yake na ukuta huwa nyuzi chache tu. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni mbano. Si skrubu kuwepo, ni skrubu kuvuta.

Na nailoni haiwezi kuvuta kwa muda mrefu. Ukiikaza, mwanzoni inabana. Halafu, pole pole, inasogea kuukimbia mzigo, na haisikiki wala haionekani. Joto linaharakisha. Mbano ukipungua, diodi inapata joto zaidi, joto linalainisha nailoni zaidi, na mbano unapungua tena. Ndivyo mfuniko wangu ulivyolegea nusu mzunguko na kuingiza chumvi, na ndivyo diodi ilivyoungua. Ni jambo moja lililotokea kwenye sehemu mbili za kasha.

Kuna la pili ambalo fundi wa Mtwara au Lindi anapaswa kulijua kuliko fundi wa Dodoma. Nailoni hunywa maji kutoka hewani. Ile inayotumika sana kwenye skrubu, nailoni 6/6, ikishiba kabisa huwa imebeba maji yanayofikia kama asilimia 8 ya uzito wake. Ikiwa kavu ni ngumu lakini inakatika kirahisi. Ikinywa maji inakuwa na unyumbufu, haivunjiki ovyo, lakini nguvu na ugumu wake hupungua, na joto la kuilainisha linashuka. Namba nzuri zinazoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji mara nyingi ni za nailoni kavu kama ilivyotoka kwenye kalibu. Hewa ya Mikindani haijawahi kuwa kavu kiasi hicho. Kwa hiyo unaposoma kwamba nailoni huvumilia nyuzi 80 hivi kwa kazi ya siku zote, usidhani ina maana ya kuvumilia na kubana. Inamaanisha haitaharibika. Kubana ni kazi nyingine.

Nilipoiweka ile skrubu ya diodi, nilijipongeza kwa sababu umeme ulikuwa sahihi. Bapa la diodi lina chanya, kasha ni hasi, na skrubu ya nailoni haihitaji bushi ya kuhami kupita tundu lile. Kwa kifaa kinachotoa nusu wati ningeifunga hivyo hata leo. Kwa wati 4 nilipaswa kusubiri barabara ifunguliwe, au nimwambie mjomba aazime taa nyingine kwa giza moja.

Bodi mpya niliilipia mimi. Matengenezo ya mwisho yalikwenda hivi. Bodi ilibaki kwenye nailoni, skrubu na spesa zote nne. Kona ya pili nikaongeza waya mfupi wenye jicho kutoka hasi ya bodi hadi kwenye kasha, chini ya skrubu ya stenlesi na washa ya meno, alumini ikiwa imekwanguliwa na kupakwa grisi baada ya kukazwa. Redio ilinyamaza. Diodi mpya sikuifunga kwa skrubu kupitia tundu lake kabisa. Nilitoa kibanio cha springi kwenye pawasapulai ya kompyuta iliyokufa, kikakandamiza mwili wa plastiki wa diodi katikati, mika na grisi nyuma yake, na kibanio chenyewe kikafungwa kwenye kasha kwa stenlesi. Springi ina faida ambayo skrubu haina: vitu vikijongea kidogo, yenyewe inafuata. Pia inakandamiza pale joto linapotoka, wakati skrubu ya pembeni ikizidishwa nguvu inaweza kuinua upande wa pili wa diodi.

Mfuniko nikaupa stenlesi sita. Stenlesi nayo ikikutana na alumini na chumvi huila alumini, kwa hiyo chini ya kila kichwa niliweka washa ya nailoni, na uzi nikaupaka grisi. Hapo nailoni imerudi kazini, kama kitenganishi, na mzigo wa kuvuta umebebwa na chuma. Kwa vyombo vya baharini stenlesi yenye alama A4 ni bora kuliko A2. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, zote mbili karibu hazivutwi. Angalia alama au nunua kwa muuzaji anayejua anachouza.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa pakiti ya nailoni, najiuliza skrubu hii ina kazi gani: inatenganisha, inaunga umeme, au inavuta? Kazi ya kutenganisha ni ya nailoni. Kazi ya kuunga si yake. Kazi ya kuvuta inaifanya kwa siku chache kisha inaiacha. Terminali yoyote ambayo umeme mkubwa unategemea mbano wake, kwa mfano waya wa jicho kwenye betri, isifungwe kwa nailoni kamwe, maana ikilegea inazaa moto. Na karibu na betri za maji kuna sababu nyingine tena: asidi ya betri huila nailoni. Kasha la betri lenyewe hutengenezwa kwa polipropilini kwa sababu hiyo.

Wanaotengeneza vitu vya kuruka wana sababu yao tofauti ya kuipenda. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina gramu 1.14, ya chuma 7.85, yaani chuma ni kama mara saba. Kwenye ndege isiyo na rubani hilo ni jambo kubwa, na ikianguka skrubu inakatika kabla ya fremu. Kwenye taa ya dagaa uzito huo haukuniongezea kitu.

Kuhusu kukaza, mikono yetu imezoea chuma na hapo ndipo uzi wa nailoni unapoliwa. M3 ya nailoni inataka kama nyutoni mita 0.1, watengenezaji hutofautiana kidogo. Ni kama kilo moja inayoning'inia kwenye mkono wa sentimita moja. Mimi hushika shina jembamba la bisibisi kwa vidole viwili badala ya mpini, nikisikia kichwa kimekaa, naacha. Skrubu zilizokaa kwenye droo kavu muda mrefu nazitia kwenye maji ya moto kwa muda kabla ya kuzifunga, zisikatike shingo. Na za nje, zinazopigwa na jua, ziwe nyeusi. Zile nyeupe hugeuka njano, kisha zinapasuka.

Pakiti za siku hizi huandikwa nailoni hata pale ambapo si yenyewe. Nadondosha moja kwenye glasi ya maji na kuizamisha kwa kidole ili mapovu yatoke. Nailoni inazama. Ikielea juu, ni plastiki nyepesi zaidi, pengine polipropilini, na hiyo ni laini kuliko nailoni.

Mjomba aliniletea kasha Novemba bila kuwa na tatizo, nilimwomba afanye hivyo. Nilifungua. Kona zote kavu. Bodi karibu na diodi ni ya kijani kama mpya. Kibanio nilikishindwa kwa kidole, nikahitaji bisibisi. Skrubu nne za bodi niliziangalia moja moja kwa ncha ya vidole: tatu zimetulia, moja ilikubali kuzunguka kidogo, nikaitupa na kuweka nyingine.

"Na redio, mjomba?"

"Redio safi. Ile siku nilikwambia."

"Uliniambia kweli."